Mpangaji Anayekula Kwanza

Asubuhi ile mama mkwe wangu aliingia na sufuria ya mtori wa ndizi na nyama, na mimi nilijua vizuri kabisa ninachotaka kumwambia, ila neno lenyewe likagoma kuja. Nilitaka kusema "nimeshiba." Neno jepesi, hata mtoto wa chekechea analo. Nikalisaka kila kona ya kichwa. Nikapata "nimeshona," nikapata "nimeshuka," nikapata hata jina la mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi, lakini lile nililolitaka halikuwepo.

"Mkwe, mbona unanitolea macho?" alisema. "Kunywa ungali wa moto."

Nikanywa. Ningefanyaje, na neno la kukataa sina?

Alisimama pale pale mlangoni, mikono kiunoni, akinisindikiza kila funda kwa macho mpaka bakuli likaonyesha kitako. Akalijaza tena. Nje nyavu za kunasa ukungu zilikuwa zinadondosha maji kwenye migomba, na juu ya migomba mlima umekaa na upara wake. Theluji mimi naisikia kwa wazee tu.

Mama huyu anaitwa Ndeanasia. Mwanangu naye anaitwa Ndeanasia, kwa sababu kwetu Uchaggani binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake, na hapo hakuna mjadala. Sisi tukamfupisha akawa Nasia. Bibi yake hataki kusikia vifupisho, anamwita "wajina wangu," tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Na kwetu mama mzazi, aliyetoka kujifungua, haguswi na kazi. Miezi mitatu anakaa ndani, ananyonyesha, analala na kulishwa. Mtori, ndizi zilizopondwa na mtindi, uji wa ulezi wenye asali, halafu mtori tena. Miezi ikiisha anavalishwa, anatolewa sokoni, watu wamwone mashavu. Mashavu yale wala si yake, ni ya mama mkwe. Wakiyakuta manene, mama mkwe anatembea sokoni kama ameshinda uchaguzi. Wakiyakosa, basi, wanawake watakuwa na la kusema mpaka mvua nyingine.

Mimi nilikuwa nimemaliza mwezi wa pili na mashavu sikuwa nayo. Nilikuwa nakonda. Pete ilinivuka yenyewe nikinawa mikono. Kilichonichanganya ni kwamba nilikuwa nakula kweli, nakula mpaka nahema, na ninavyozidi kula ndivyo ninavyozidi kupungua. Usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa sifikiri. Wazo lilikuwa likianza vizuri, halafu katikati naliacha kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kikuku cha afya mkononi mwangu kikatikisika. Nilishakizima sauti, maana mama mkwe anajua ni saa ya kawaida. Maandishi yakapita: joto la mwili limepanda, jasho halijaonekana, tafadhali kaa kivulini. Nilikuwa kitandani, ndani ya nyumba, dirisha limefunikwa. Kivuli gani kingine kilikuwa kinatakiwa?

Nikitaka ueleweke mkanganyiko huu, lazima nimtaje mwenzangu mwingine aliyekuwa anakula kwenye bakuli lile. Anakaa tumboni mwangu. Watu humwita mpangaji. Jina lake la kitaalamu ni refu na nililisahau tangu zamani, wakati bado nina akili zangu. Ni kikombe kimoja cha kitu kama mtindi mwepesi, unakinywa mara moja tu maishani. Vijidudu vilivyomo vinakwenda kujenga kwenye utumbo, na kuanzia hapo kila sukari inayopita, vyenyewe vinachukua sehemu yao kwanza na kukupikia dawa ya kifafa humo humo ndani. Huna vidonge vya kusahau, huna chupa mkobani ya kukuumbua. Nilikinywa mwaka nilioangukia birika la chai bwenini, mkono wa kushoto ukaungua mpaka kiwiko. Tangu hapo sijaanguka tena.

Mama mkwe wangu aliambiwa niliungua na chai, na huo si uongo. Kifafa hakuambiwa. Wakati wa posa aliuliza swali moja tu la maana, kama mama yeyote wa huku anavyouliza: "Kwa hao watu kuna ugonjwa wa kuanguka?" Mume wangu Elisaria, ambaye hajui kudanganya hata kwenye karata, akamtazama mama yake machoni akasema hakuna.

*

Nasia alikuwa mtoto wa kusifiwa. Halii. Wanawake waliokuja kumwona walimbeba mmoja baada ya mwingine, naye akabaki amelala kama mkate. Bibi yake akapata la kuringia.

"Ametulia kama wajina wake," alisema.

"Wewe umetulia tangu lini, Mama?" Elisaria akamuuliza. Tulicheka wote, hata mimi niliyechelewa kidogo kuelewa.

Siku moja, jua limeshapanda, nilimtoa kitandani ili anyonye akakataa kuamka. Nikamfinya unyayo. Nikampulizia usoni. Akakunja uso kidogo, akarudi kulala. Nikakaa naye mapajani na swali moja likawa linazunguka: je, nimeshamnyonyesha asubuhi hii? Nilijiona nikimnyonyesha, niliikumbuka hata khanga, lakini sikujua kama kumbukumbu ile ni ya leo au ya jana. Nikajitazama. Gauni lilikuwa limelowa maziwa pande zote mbili. Basi hajanyonya. Na jana je? Jana ilikuwa wapi?

Hofu iliyonipata ilikuwa ya ajabu, kwa sababu ilikuja na usingizi. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kulala, vyote kwa pamoja. Nikamwita mume wangu. Kwanza nikamwita kwa jina la kaka yangu.

Elisaria ni fundi wa nyavu za ukungu, alikuwa juu ya nguzo. Aliteremka haraka kuliko inavyoruhusiwa. Mama naye akatoka jikoni, na alipoona tunakwenda kituo cha afya akasema mama mzazi hatoki nje, watu watamwona kabla ya siku yake, tena na mashavu haya! Hatukubishana. Akanifunika khanga gubigubi tangu kichwani, tukapanda kikapu cha kusafiria kwenye waya wote wanne, tukateremshwa bondeni juu ya vichwa vya migomba. Njia nzima alikuwa akinong'ona sala na kunirekebisha khanga. Sala sikuzisikia vizuri. Nilikuwa nimeweka kidole changu chini ya pua ya mwanangu.

*

Daktari aliitwa Nyasatu Magesa, dada mmoja kijana kutoka Musoma, mwenye sauti ya mtu aliyekesha. Alichukua tone la damu kwangu, tone kwa mtoto, na tone la maziwa. Alimwomba Mama asubiri nje kidogo. Mama akasubiri nje ya mlango, si nje ya jengo, kwa hiyo tukazungumza kwa sauti ya chini.

"Una mpangaji," alisema. Mashine ilishamwambia. "Unakula nini siku hizi?"

Nikamtajia. Nilipofika kwenye uji wa ulezi na asali alikuwa ameacha kuandika.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mpaka Mama achoke," nikasema. "Na Mama hachoki."

Alicheka. Kisha akamtazama Nasia na kicheko kikakatika.

Alitueleza kwa mfano wa jiko, na namshukuru, maana nilikuwa siwezi kufuata kitu kingine. Mpangaji, alisema, ni mpishi asiyejua kiasi. Akiletewa kuni anapika. Kuni zake ni sukari na wanga. Waliomtengeneza walimjaribu kwa watu wa mijini wanaokula mkate asubuhi na wali kidogo jioni, na kwa watu hao anapika dawa inayotosha mtu mmoja, basi. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mpangaji atakutana na mama mzazi wa Kichagga.

"Sasa hivi anapika dawa ya watu wanne," alisema. "Chakula kinaishia kwake, wewe unabaki na dawa. Dawa hii ikizidi, damu inakuwa chachu. Ndiyo maana unahema wakati umelala. Jasho linakauka, joto linakosa pa kutokea. Vidole vinakufa ganzi?"

"Vinakufa."

"Maneno yanapotea?"

Nilitaka kumjibu, na nakuapia, neno "ndiyo" halikuja. Nikatikisa kichwa, na hata hapo sikuwa na hakika nimekitikisa kwa kukubali au kwa kukataa.

"Na anavyokonda," Elisaria alisema taratibu, "ndivyo Mama anavyomwongezea."

"Na akiongezewa, anakonda." Daktari akamfunika Nasia vizuri. "Dawa inapita kwenye maziwa. Mtoto wako hajatulia, dada yangu. Amelewa."

Nikalia. Sikuficha. Nilikuwa nimesifiwa miezi miwili kwa mtoto mtulivu, nikafurahia sifa.

Dokta Nyasatu alitupa njia mbili, na akasema wazi kwamba hataki kutuchagulia. Ya kwanza ni kumfukuza mpangaji. Kuna dawa ya kunywa, anatoka ndani ya wiki. Lakini mwili uliowahi kumtoa huwa unamkataa moja kwa moja, hawezi kupandwa tena. Kifafa kingerudi. Pengine kesho, pengine mwakani, pengine nikiwa nimembeba Nasia karibu na moto. Ya pili ni kumkalisha njaa. Nile nyama, mayai, mboga, parachichi, maziwa yasiyo na asali. Ndizi hapana. Uji hapana. Dawa ingepungua, mtoto angeamka, na mimi ningebaki nimekonda kama nilivyo, maana mpangaji mwenye njaa anakula hata akiba ya mwenye nyumba.

"Kwenye kihamba," Elisaria akasema, "katikati ya migomba, bila ndizi."

"Mwambieni Mama ukweli, atasaidia."

Tukasema wote pamoja, hapana.

*

Tulijaribu nusu ya ukweli. Tukamwambia Mama kuwa daktari amekataza ndizi.

"Daktari wa wapi?"

"Anatoka Musoma, Mama."

"Musoma!" Alinitazama kama nimemwambia daktari ametoka mwezini. "Amwambie mtu kuhusu samaki, nitamsikiliza. Ndizi anazijulia wapi? Mimi nimezaa sita kwa mtori, wote wana meno." Akaenda kupika, na hasira ikamfanya apike kingi zaidi.

Basi Elisaria akaja na mpango. Chakula kikiletwa, mimi nitapokea, nitashukuru, nitaomba Mama apumzike kidogo. Yeye atakula. Mimi nitakula mayai na nyama anayoniletea mfukoni, imefungwa kwenye jani.

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, kisha nikaona hatanii. Kwetu mwanaume anayekula chakula cha mama mzazi hana jina. Wanaume wengine wakimpita wanaulizana kama wamesikia njaa imeingia kijijini. Nikamwambia, wakikukuta je? Akasema hawatamkuta. Akakaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, bakuli mapajani, akala huku masikio yamesimama. Nilimpenda sana kwa wakati ule, na pia nilitamani kumpiga na mwiko, kwa sababu yote haya yaliletwa na uongo wake wa posa. Au uongo wetu. Nilikuwepo siku ile, nimekaa mkekani na shela kichwani, na mimi pia nina mdomo.

Nasia aliamka. Kwanza alifungua macho akayaacha wazi kwa muda, akiushangaa ukuta. Siku ya pili yake akalia. Yalikuwa makelele ya kupasua bati, na mimi nikakaa pembeni yake nikacheka na kulia kwa zamu. Bibi yake akaja mbio kuuliza nani amemroga wajina wake. Alinyonya akanyonya tena, akanishika kidole kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Maneno nayo yakaanza kurudi, ila bila mpangilio. Siku moja nikakumbuka neno "kabati" nikalirudia kutwa nzima kwa furaha. Lakini kuna asubuhi nilizoamka nikiwa sijui kama nimemwambia Mama kila kitu au nimeota nimemwambia, nikabaki namtazama usoni nipate dalili. Hakukuwa na dalili. Kulikuwa na mtori.

Na Elisaria akanenepa.

Sikuliona mapema kwa sababu nilikuwa naye kila siku. Shati la kazini likaanza kuachia vifungo. Akipanda nguzo, nguzo inalia. Shingoni akaota mkunjo kama wa padri. Na upande wa pili wa kitanda nipo mimi, mifupa ya bega imesimama. Mama si kipofu. Alikuwa akiingia, ananitazama mimi, anamtazama yeye, anatoka bila neno. Kwa mtu kama yeye, kukaa kimya ni matayarisho.

*

Alitukuta mchana mweupe. Aliweka sufuria, akatoka, akafunga mlango wa nje kwa kishindo ili tuamini ameondoka. Elisaria alikuwa ameshachota mara tatu aliposikia pumzi juu ya kichwa chake.

"Yeleuwi!" Mama alishika kichwa. "Elisaria! Mwanangu wa tumboni!"

Bakuli lilimtoka mkononi. Mtori ukasambaa mpaka chini ya kitanda. Nasia akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza bibi yake hakumgeukia.

"Nilijisemea nazeeka, macho yananidanganya," Mama alisema. "Mke wako amezaa. Amelala hapa amekauka kama kuni, na wewe unamnyang'anya mdomoni? Mimi nilikulea hivyo? Baba yako alikulea hivyo?"

"Ni njaa tu, Mama," alisema Elisaria. "Nisamehe."

"Njaa!"

"Kazi za juu zinachosha."

Mama alisema Jumapili baada ya ibada atawaita baba wadogo wote wa Elisaria. Watakaa uwanjani, naye atasimama mbele yao ajibu. Elisaria akainama. Mdomoni bado kulikuwa na alama ya mtori, kama mtoto. Aliponitazama, macho yake yalikuwa yananiambia nyamaza, mimi nitaubeba huu, utapita.

Na nilikuwa nimeshaanza kunyamaza. Nataka hilo lieleweke. Nilipiga hesabu zangu haraka: mwanaume akiaibika kwa ulafi, watu watacheka mwaka mmoja. Mwanamke akijulikana ana kifafa, watu hawatacheka, watahamisha watoto wao wasichezee uwanja wake. Hesabu ilikuwa sahihi. Halafu nikaona jinsi Mama anavyomtazama mwanawe, kana kwamba amegundua alizaa mtu mwingine, na mdomo wangu ukafunguka bila kuniomba ruhusa.

"Mama, ana njaa gani huyu. Nimemtuma mimi. Mimi nina kifafa."

Nilimweleza yote nikiwa nimekaa kitandani, vibaya, nikianzia katikati. Birika, mpangaji, sukari, maziwa, usingizi wa Nasia. Alinisimamisha mara moja tu, akauliza, "Anakula ndizi?" Nikasema ndiyo, ndizi kuliko vyote. Akakaa chini, juu ya kile kigoda nyuma ya mlango.

Nilitegemea aniulize juu ya posa. Nilikuwa nimejiandaa kwa posa.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nilikuwa namlewesha wajina wangu kwa mkono wangu. Naamka nakoroga, namlewesha. Na nyie wawili mnajua, mnaniangalia nikikoroga."

Elisaria alianza kusema kitu akaishia katikati, kama mimi.

"Ningeambiwa wakati wa posa, nisingekubali," aliniambia. "Nisikudanganye. Ningekataa na ningelala usingizi." Akamwinua Nasia, akamweka begani, akampigapiga mgongoni mpaka kilio kikapungua. "Sasa umeshanizalia jina langu. Huyo mdudu hawezi kutolewa?"

"Anaweza. Lakini nitaanguka."

"Na mtoto mkononi?"

"Siwezi kujua, Mama. Hapo ndipo hatujui."

Aliitazama ngozi ya mkono wangu wa kushoto, ile iliyokunjamana mpaka kwenye kiwiko. Alishaiona mara nyingi, lakini safari hii aliishika. Kisha akasimama, akamkabidhi mwanawe mtoto, akachukua sufuria akaenda kumwagia ng'ombe kila kilichokuwemo. Akarudi kuniuliza mayai napenda ya kuchemsha au ya kukaanga, kwa sauti kali, kama bado tunagombana.

*

Siku ya kutoka ilifika na mashavu hayakufika. Niliomba tuiahirishe. Mama akasema kutoka hakuahirishwi, nikiendelea kujificha watasema nimekufa. Alinivalisha mwenyewe: gauni jipya, vitambaa viwili chini yake nionekane nina mwili, shanga za mama yake. Akanifunga Nasia mgongoni. Nasia ndiye aliyekuwa na mashavu sasa, na makelele juu.

Soko letu lipo pale vikapu vya waya vinapokutana. Siku hizi mashine hupanga bidhaa na kutangaza bei, lakini wanawake wamekaa chini vilevile, na macho yao hayajaboreshwa na fundi yeyote. Walituona tangu mbali. Walianza vigelegele, na kadiri tulivyosogea vigelegele vikapungua, vikabaki viwili vitatu, kisha kimya. Nilikuwa na akili timamu siku ile, pengine kuliko siku zote za mwaka ule, na hata hivyo sikujua niweke wapi mikono yangu.

Mama Eliwaza, rafiki wa Mama tangu kipaimara, ndiye aliyesogea. Alikuwa na kitenge cha kunizawadia, amekikunja vizuri. Alinishika kifundo cha mkono na kukizungushia vidole vyake. Vidole vilikutana.

"Ndeanasia," alimwambia Mama, wala si kwa ubaya, kwa mshangao tu. "Huyu mkweo amepatwa na nini? Anaumwa?"

Wote walikuwa wanasikiliza. Muuza nyama alikuwa amesimama na kisu hewani. Nilisikia swali likinifikia, na nikajua kuna majibu matatu: la kweli, la uongo, na la kukaa kimya. Nilikuwa bado nayazungusha Mama alipojibu.

"Haumwi," alisema. "Nilimnyima."

"Ulimnyima nini?"

"Chakula. Niliona ndizi zina bei, nikauza. Mvivu wa kupika nimekuwa, Eliwaza. Uzee."

Mwanamke huyu, ambaye kijiji kizima kinajua sufuria zake, ambaye alizaa sita na kulisha wakwe wanne mpaka wakashindwa kupita mlangoni, alisimama katikati ya soko, shingo juu, akajitangaza kuwa amemwacha mama mzazi na njaa. Mama Eliwaza aliurudisha mkono wake. Akakitazama kile kitenge, akaona hajui ampe nani, akakirudisha kapuni.

Nikafungua mdomo. Mama akanibana mkono juu ya kiwiko, huku uso wake ukiwatabasamia watu.

"Thubutu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi watanisema miaka michache, nitakufa. Wewe wakikusema, watamsema na huyu mpaka siku ya posa yake."

Nyuma yangu Nasia alipiga teke, akanivuta nywele. Nikaufunga mdomo. Niliufunga mwenyewe, hakuna aliyeniziba, na hata leo sijui kama niliufunga kwa ajili ya mwanangu au kwa ajili yangu. Wala sijui kama siku ya posa ya Nasia nitamshukuru bibi yake au nitamlaani, maana swali lile lile litaulizwa, na tutakuwa tumemwachia mwanangu kulijibu.

Wanawake walitupisha njia. Hakuna aliyempa Mama mkono. Akatangulia, mimi nyuma yake, mpaka kwa muuza nyama. Akaomba steki isiyo na mafuta mengi, akalalamika bei kama kawaida yake. Muuza nyama akamuuliza, kwa kebehi, kama leo basi ameamua kumlisha mkwe.

"Nipimie," Mama alisema.

Aliponyoosha mkono kupokea, nyama ikamponyoka, ikaanguka vumbini. Watu walicheka. Mama akainama kuiokota, na mimi nikabaki nimesimama juu yake, nimefunga mdomo.